Kuchora sura za watu kwa kompyuta: Haki ni ya nani?

Na Mwandishi Wetu

MNAMO Januari 2008, mchoraji wa mabango wa Marekani, Shepard Fairey, alitoa bango lenye sura ya Barack Obama, wakati huo seneta aliyekuwa akiwania kuteuliwa na chama cha Democratic kugombea urais. Lilikuwa bango la rangi chache tu: nyekundu, buluu nzito, buluu hafifu na rangi inayokaribia ya maziwa. Chini ya sura hiyo liliandikwa neno moja la Kiingereza. Kwanza lile la maendeleo, kisha, katika toleo lililopata umaarufu, lile la matumaini.

Bango hilo lilibandikwa kwenye kuta za miji, likachapwa kwenye fulana na beji, na likasambaa katika intaneti kwa kasi ambayo wenye kampeni wenyewe wasingeweza kuinunua. Obama alipoapishwa Januari 2009, jumba la taifa la picha za watu mashuhuri jijini Washington, National Portrait Gallery, lilikuwa tayari limeipokea nakala moja katika hazina yake. Ni nadra kwa mchoro wa kampeni kupewa heshima ya namna hiyo, tena mhusika akiwa ndiyo kwanza anaingia ofisini.

Lakini mwezi huohuo liliibuka swali ambalo, katika shamrashamra za ushindi, wachache walikuwa wamelijali: sura ile ilitoka wapi?

Jibu lilipatikana baada ya watu kupekua picha za magazeti. Ilitokana na picha iliyopigwa Aprili 2006 na Mannie Garcia, mpiga picha aliyekuwa akilifanyia kazi shirika la habari la Associated Press (AP), katika mkutano uliozungumzia mgogoro wa Darfur kwenye ukumbi wa National Press Club, Washington. Si Garcia wala AP aliyeombwa idhini, na bango halikutaja jina la yeyote kati yao.

Swali hilo ndilo kiini cha makala haya, kwa sababu halikuishia kwa Fairey. Uchoraji wa sura za watu kwa programu za michoro ya vekta umekuwa kazi ya kuwapatia riziki vijana wengi duniani, na hapa kwetu Afrika Mashariki pia. Karibu kila mchoro wa aina hiyo huanzia kwenye picha ya kamera. Maana yake ni kwamba nyuma ya sura moja wamesimama watu watatu: mwenye sura, aliyempiga picha, na aliyemchora. Kwa miaka mingi, anayelipwa na kusifiwa amekuwa mmoja tu. Leo hii, mashine zimeanza kumtendea huyo mmoja kile ambacho yeye amekuwa akiwatendea wenzake wawili.

Mchoro wa vekta ni nini?

Ili kuelewa mgogoro huu, msomaji anapaswa kwanza kuelewa kazi yenyewe. Picha ya kamera ni mkusanyiko wa vijiraba vidogo vya rangi viitwavyo pikseli. Ukiikuza kupita kiasi, vijiraba hivyo hujitokeza na sura hugeuka ukungu. Mchoro wa vekta haukujengwa hivyo. Huo ni mkusanyiko wa nukta zilizounganishwa na mistari, iliyonyooka au iliyopinda, na kila mstari kompyuta huuhifadhi kama hesabu. Ukiukuza, kompyuta hupiga hesabu upya. Sura ileile inaweza kuwa ndogo kama stempu au kubwa kama ukuta wa ghorofa, na ukingo wa mdomo ukabaki mkali vilevile.

Asili ya hesabu hizo haikuwa sanaa bali magari. Wafaransa wawili, Paul de Casteljau wa kampuni ya Citroën na Pierre Bézier wa Renault, kila mmoja kwa njia yake, walitafuta kati ya mwishoni mwa miaka ya 1950 na miaka ya 1960 namna ya kueleza mipindo ya bodi la gari kwa hesabu. Citroën iliifanya kazi ya de Casteljau kuwa siri, ndiyo maana mistari hiyo hadi leo huitwa kwa jina la Bézier. Mwaka 1987 kampuni ya Adobe ya Marekani ilitoa programu ya Illustrator iliyoiweka mistari hiyo mikononi mwa wachoraji. CorelDRAW ya Canada ilifuata mwaka 1989, na mwaka 2003 ikaja Inkscape, ambayo mtu yeyote anaweza kuipata bila malipo.

Anayechora sura kwa programu hizi kwa kawaida huanza kwa kuiweka picha ya kamera chini, kama karatasi inayowekwa chini ya nyingine ili kunakiliwa. Juu yake hufungua tabaka jipya, huchukua kalamu ya programu na kuanza kuweka nukta: pembeni mwa taya, juu ya paji la uso, kwenye mkunjo wa kope. Kisha huitenga sura katika maeneo ya kivuli, ya mwanga wa kati na ya mwanga mkali, na kila eneo hulipa umbo lake na rangi yake. Sura ya rangi nne inaweza kumalizika kwa saa chache. Ile inayotaka kufanana na picha ya rangi ya mafuta, kwa kutumia wavu wa rangi ulioingizwa katika Illustrator mwaka 1998, inaweza kuchukua siku nyingi.

Wapo wanaodhani kazi hiyo ni kunakili tu. Dhana hiyo si sahihi. Picha ya kamera ina maelfu ya rangi. Mchoraji anapaswa kuamua ni zipi chache zitakazobaki na mtu bado atambulike. Akikosea ukingo wa kivuli cha pua kwa kiasi kidogo, mama hugeuka kuwa shangazi. Vivyo hivyo kwa ngozi yetu nyeusi: mchoraji mchanga huongeza weusi katika kila kivuli, na uso hutoka kama uliopakwa majivu. Aliyekomaa anajua kwamba kivuli cha ngozi hiyo kina wekundu na zambarau ndani yake, na kwamba mwanga juu ya shavu huweza kuelekea buluu. Huo ni ujuzi wa macho ambao programu haimpi mtu kwa kuwekwa tu kwenye kompyuta.

Mfano mzuri wa ujuzi huo ni Wedha Abdul Rasyid wa Indonesia. Mchoraji huyo wa jarida la Hai la Jakarta alianza, karibu na mwaka 1990, kuchora sura za watu mashuhuri kwa vipande bapa vya rangi kali na mistari iliyonyooka peke yake, bila mpindo hata mmoja. Alikuwa amefika umri wa miaka 40 hivi na macho yake yalikuwa yameanza kupungua nguvu, kazi ya kuchora ngozi kwa rangi laini ikamwia vigumu. Mtindo wake, unaojulikana kwa kifupi cha WPAP, ulianza kwa mkono na baadaye ukahamia kwenye programu za vekta, na umepata wafuasi wengi nje ya nchi yake. Hapo udhaifu wa mwili ulizaa mtindo mpya, na hakuna anayeweza kusema Rasyid hakuongeza kitu juu ya picha alizozitazama.

Hivyo basi, mchoraji ana haki yake. Tatizo ni pale anapodhani kuwa haki yake inafuta ya wengine.

Mahakama zilivyoamua

Kesi ya bango la Obama ingeweza kulijibu swali hilo mapema, lakini haikulijibu. Februari 2009, baada ya AP kudai fidia, Fairey alitangulia mahakamani jijini New York akiomba itamkwe kwamba kazi yake ilikuwa matumizi halali yasiyohitaji idhini. Alieleza kuwa aliibadilisha picha kwa kiasi cha kuwa kitu kipya chenye ujumbe mpya. AP nayo ilidai kuwa picha ni mali yake, na Garcia mwenyewe akajitokeza kudai kuwa hakimiliki ilikuwa yake na si ya shirika.

Oktoba mwaka huo kesi iligeuka. Fairey alikiri kwamba picha aliyoitaja mahakamani haikuwa ile aliyoitumia. Alikuwa amedai kuwa alitumia picha pana inayomwonyesha Obama akiwa na mwigizaji George Clooney, na kwamba alilazimika kuikata na kuibadilisha sana. Ukweli ni kwamba alitumia picha ya karibu ya Obama peke yake, iliyokaribiana zaidi na bango, na baadaye akafuta mafaili na kutengeneza mengine ili kuficha jambo hilo. Januari 2011 pande mbili zilimaliza shauri kwa maelewano na kukubaliana kugawana haki ya kutengeneza bidhaa za bango hilo. Mwaka 2012 Fairey alikiri kosa la kuidharau mahakama, akahukumiwa miaka miwili ya uangalizi nje ya gereza, saa 300 za kuihudumia jamii na faini ya dola 25,000.

Watu wengi wanaikumbuka aibu ya mafaili yaliyofutwa. Kilicho muhimu zaidi kwetu ni kwamba swali la msingi halikuamuliwa. Mahakama haikupata kusema kama kuigeuza picha ya mtu mwingine kuwa maumbo bapa ya rangi kunatosha kuifanya yako.

Ilichukua zaidi ya miaka 12 kwa Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Marekani kulikaribia swali hilo, na safari hii kupitia sura ya mwanamuziki Prince. Mpiga picha Lynn Goldsmith alimpiga picha Prince mwaka 1981. Mwaka 1984 jarida la Vanity Fair lilimlipa dola 400 ili picha hiyo itumike mara moja tu kama msingi wa mchoro wa msanii Andy Warhol. Warhol hakuishia kwenye mchoro huo mmoja. Alitengeneza kazi 16 kutokana na picha hiyo. Prince alipofariki dunia mwaka 2016, kampuni ya majarida ya Condé Nast iliilipa taasisi ya Warhol takriban dola 10,000 kwa kutumia mmojawapo wa michoro hiyo, uliopakwa rangi ya chungwa, kwenye jalada la toleo maalumu. Goldsmith hakulipwa hata senti, na jina lake halikutajwa.

Mei 18, 2023, majaji saba dhidi ya wawili walikubaliana na Goldsmith. Uamuzi wao, ulioandikwa na Jaji Sonia Sotomayor, haukusema Warhol hakuwa msanii, wala haukuharamisha michoro yenyewe. Ulisema kwamba picha ya Goldsmith na mchoro wa Warhol, vilipouzwa kwa jarida ili kuipamba habari ya Prince, vilikuwa na matumizi yaleyale, na kwamba kuongeza mtindo mpya peke yake hakutoshi kumnyima mpiga picha haki yake. Jaji Elena Kagan alipinga vikali, akiungwa mkono na Jaji Mkuu John Roberts, kwa hoja kwamba uamuzi huo utaibana sanaa, ambayo siku zote imejengwa juu ya kazi za waliotangulia.

Warhol alitumia uchapaji wa wavu wa hariri, si programu ya vekta. Hata hivyo njia ni ileile: picha ya kamera huchukuliwa, hupunguzwa hadi maumbo ya kivuli na mwanga, kisha hupakwa rangi bapa. Mchoraji wa vekta anayedhani kesi hiyo haimhusu anajidanganya.

Sura zetu, biashara zetu

Je, jambo hili linatuhusu vipi sisi? Jibu la kwanza liko katika sura ileile ya Obama. Baba yake alikuwa Mkenya, na alipochaguliwa Novemba 2008 serikali ya Rais Mwai Kibaki ilitangaza siku ya mapumziko nchini Kenya. Zikafuata fulana na khanga. Mojawapo, iliyokuwa na picha yake na maneno ya kumpa hongera kwa Kiswahili, imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la British Museum, London. Sura iliyopigwa picha na kuchorwa ughaibuni ilikuwa imekuwa bidhaa ya sokoni Afrika Mashariki.

Jibu la pili liko katika mashine. Maduka ya stika na uchapaji ya Kariakoo jijini Dar es Salaam na River Road jijini Nairobi hutumia mashine ya kukata stika yenye kisu kidogo kinachotembea juu ya karatasi ya plastiki. Kisu hicho hakielewi picha ya kamera. Hufuata mstari tu, na mstari huo ni wa vekta. Mteja anayetaka sura ya mwanasoka ubavuni mwa daladala au matatu, ya marehemu kwenye fulana za msiba, au ya mgombea kwenye kioo cha gari, lazima apate mtu wa kuigeuza picha kuwa mistari. Uhitaji huo umewapa kazi vijana wengi, miongoni mwao wakiwamo waliojifunza programu hizo bila kupita chuo chochote.

Picha zinakotoka hujulikana. Mteja huja nayo kwenye simu, au kijana huitafuta katika intaneti. Aliyeipiga hatajwi, na kwa kawaida hakuna anayejua ni nani. Mpiga picha wa gazeti aliyesimama juani saa nne kwenye mkutano wa hadhara anaweza kuiona kazi yake kwenye fulana mia moja bila mtu kumwambia hata asante.

Sheria zipo. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, iliyoanzisha COSOTA. Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Zote mbili zinaihesabu picha ya kamera kuwa kazi ya sanaa inayolindwa, na haki ya kuinakili au kuitumia kutengeneza kazi nyingine ni ya mwenye hakimiliki, isipokuwa katika mambo machache yaliyoruhusiwa. Kumeandikwa, lakini katika biashara ya stika sheria hiyo ni mgeni.

Mwenye sura naye ameanza kupata kinga. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Septemba 2023 ofisi ya kamishna wa data wa Kenya iliitoza shule moja Sh4.55 milioni kwa kutangaza picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi, na klabu moja ya starehe jijini Nairobi Sh1.85 milioni kwa kuweka hadharani picha ya mteja bila ridhaa yake. Hizo zilikuwa picha za kamera. Lakini mtu anayetambulika kwa macho na mdomo wake haachi kutambulika kwa kuwa amechorwa kwa rangi nne. Mfanyabiashara anayepamba duka lake kwa sura ya mpita njia, akidhani mchoro unamkinga, anakaribisha mashtaka.

Mashine yaingia uwanjani

Hadi miaka michache iliyopita mjadala huu ungeweza kuishia hapo, kama mvutano wa kawaida kati ya kamera na kalamu. Akili bandia imeubadilisha.

Mashine kusaidia kufuatisha picha si jambo geni. Mwaka 2005 Illustrator iliongezewa uwezo wa kuigeuza picha kuwa maumbo ya vekta kwa kubofya mara moja. Matokeo yake mara nyingi yalikuwa rundo la vipande visivyo na mpangilio, na mchoraji mzuri hakuogopa. Oktoba 2023 Adobe ilitangaza kitu cha aina nyingine: mtumiaji anaandika maneno, na programu inamtolea mchoro wa vekta ulio tayari kuhaririwa. Programu nyingine zinatoa picha ya sura kwa mtindo wowote utakaoutaja, ukiwamo wa rangi bapa aliotumia Fairey na wa vipande aliobuni Rasyid.

Mashine hizo hazikuzaliwa zikijua kuchora. Zimefunzwa kwa idadi kubwa mno ya picha zilizotengenezwa na binadamu. Adobe imesema ilifunza ya kwake kwa picha za hazina yake zenye leseni na kwa kazi ambazo hakimiliki yake imekwisha. Kampuni nyingine zilikusanya kutoka intaneti. Januari 2023 wachoraji watatu wa Marekani, Sarah Andersen, Kelly McKernan na Karla Ortiz, walifungua kesi California dhidi ya kampuni kadhaa, ikiwamo Stability AI, wakidai kuwa kazi zao zilichukuliwa bila idhini, bila kutajwa na bila malipo.

Bila idhini, bila kutajwa, bila malipo. Msomaji ayapime maneno hayo matatu. Ndiyo malalamiko ambayo mpiga picha angeweza kuyatoa juu ya bango la mwaka 2008. Ndiyo ambayo Goldsmith aliyapeleka mahakamani. Ndiyo ambayo mpiga picha wetu wa mkutano wa hadhara angeyatoa kama angejua mlango wa kugonga. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Hatusemi kwamba mambo hayo mawili yanalingana kwa kila hali. Kijana anayekaa saa sita juu ya picha moja, akiamua wapi kivuli kiishie, hatendi kitu kilekile na mashine inayomeza kazi za watu bila hesabu na kutoa sura kwa sekunde chache. Jasho lake ni la kweli. Lakini jasho ndilo hoja ya mpiga picha pia. Naye aliamua asimame wapi, asubiri nini na abonyeze lini. Macho ya Obama yaliyotazama juu na mbali, ambayo watu waliyasifu kwenye bango, yalikuwamo tayari katika picha ya Garcia.

Mchoraji hawezi kuiambia kampuni ya akili bandia kwamba kilichoko intaneti si mali ya bure, huku yeye akichukua picha humohumo kana kwamba ni mali ya bure. Mbele ya hakimu na mbele ya umma, hoja yake itakuwa na nguvu kwa kadiri anavyoiheshimu katika kazi yake mwenyewe.

Hoja za upande wa pili

Zipo hoja za kupinga, na baadhi ni nzito. Ya kwanza ni kwamba uso wa mtu ni jambo la kweli lililopo duniani, na hakuna mpiga picha anayeumiliki. Ni kweli. Mchoraji yuko huru kumchora kiongozi au mwanamuziki kadiri apendavyo. Asichokuwa huru nacho ni kuchukua pembe, mwanga na muda uleule ambao mtu mwingine aliuchagua, kisha kuuza.

Hoja ya pili ni kwamba wanasiasa lazima waendelee kuchorwa, kukejeliwa na kukosolewa bila kuombwa ruhusa. Hilo halina mjadala. Nchi ambayo sura ya mtawala inachorwa kwa kibali chake tu si nchi ya kutamaniwa. Ndiyo sababu sheria za nchi nyingi huacha nafasi kwa ukosoaji na habari. Sura ya kiongozi kwenye kibonzo cha gazeti ni jambo moja. Sura ya muuza matunda kwenye tangazo la benki ni jambo jingine kabisa.

Ya tatu ndiyo ngumu zaidi: umaskini. Kijana wa stika anayelipwa kidogo kwa kila kazi atampata wapi mpiga picha, na atamlipa nini? Hapa ni lazima tukubali kwamba sheria iliyoandikwa kwa ajili ya makampuni haiwezi kushushwa nzimanzima juu ya meza ya kibanda cha Kariakoo. Msako wa polisi hautamsaidia yeyote, utazaa rushwa tu. Lakini umaskini huohuo ndio wa mpiga picha wa mtaani, ambaye kazi za harusi na mahafali zimepungua tangu kila mtu awe na simu yenye kamera. Kumlinda maskini mmoja kwa kumnyima mwingine si haki.

Nini kifanyike

Ni maoni ya safu hii kwamba ufumbuzi hauko mbali. Mchoraji na mpiga picha wanakaa mji mmoja, mara nyingi mtaa mmoja. Wanaweza kupatana: picha itumike, jina la aliyeipiga liandikwe pembeni, na kazi ikiwa ya biashara kubwa wagawane malipo. Mteja anayeleta picha aulizwe ameipata wapi, na kama ni yake au ya familia yake, kazi iendelee bila wasiwasi. Anayeweza kupiga picha zake mwenyewe za kuchorea na afanye hivyo. Simu aliyonayo mfukoni inatosha, na mchoro utakaotoka hautakuwa na mdai.

Magazeti nayo, likiwamo kundi hili la waandishi tunaopenda kuwanyooshea wengine kidole, yana wajibu wa kuandika jina la mpiga picha chini ya kila picha. Picha isiyo na jina humfundisha anayeichukua kwamba haina mwenyewe. COSOTA na bodi ya hakimiliki ya Kenya wangefanya jambo la maana kuandaa mkataba wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chepesi, unaoweza kujazwa juu ya meza ya duka. Vyuo vinavyofundisha programu hizi visiishie kwenye kalamu na rangi. Somo la idhini lichukue japo siku moja.

Mashine zitaendelea kuwapo, na zitazidi kuwa hodari. Mchoraji atakayebaki na mteja ni yule anayeweza kusema: sura hii naijua ni ya nani, picha yake najua ilipigwa na nani, na wote wawili wameridhia. Mashine iliyofunzwa kwa picha zilizokusanywa bila kuulizana haiwezi kusema hivyo. Kijana mwenye kompyuta moja River Road anaweza, ilimradi aanze kuuliza.